Mkia wa Plasta

"Huu ni mkono wa nani kama si wako?" meneja aliniuliza kwa mara ya tatu, na safari hii alilitandaza gazeti kwenye kitanda cha tiba, juu ya taulo niliyotoka kuikunja.

"Nimeshakwambia sijui."

"Dada yangu, miaka tisa nimekutazama ukifunga magoti ya vijana hawa. Wenzako wote humalizia plasta mbele, wakakata kwa mkasi. Wewe peke yako unaizungusha nyuma ya goti, unaichomeka, inabaki kitu kama mkia. Siku moja nilikuuliza kwa nini."

"Nikakujibu nini?"

"Kwamba mbele kuna jasho, inabanduka."

"Basi labda na wengine wameligundua jasho."

Hakucheka. Alilipiga gazeti kwa kidole. Ukurasa wa michezo, picha ya mazoezi ya Korongo. Beki wao wa kushoto, kijana mrefu mwembamba ambaye mashabiki humwita Waya, amenyanyua mguu anajinyoosha. Kaptura ya rangi ya chungwa, goti limefungwa, na nyuma ya goti, wazi kama pua usoni, mkia.

Waya ni mwanangu.

Kwa aliyekosa sehemu za hadithi hii gazetini wiki zilizopita, nafupisha. Mimi ni mtaalamu wa viungo wa klabu ya Nyati. Nina diploma, ingawa mashabiki hunipa udaktari wa bure na kuniita Mama Bandeji. Mtaa wetu ni wa Nyati mpaka milango imepakwa zambarau, na mume wangu ndiye katibu wa tawi. Mtoto wetu alipofikisha miaka kumi na saba, Nyati walikuja na ahadi, Korongo wakaja na mkataba. Mkataba ulitaka sahihi ya mzazi. Baba yake alikataa kushika kalamu. Nikaishika mimi, kwenye meza ya jikoni, sufuria ikiwa motoni.

Jioni ile mume wangu alipanga nguo kwenye begi. Akasema hawezi kulala nyumba moja na mzazi wa Korongo. Nikamwambia na yeye ni mzazi wa huyo huyo. Akachukua na redio.

Ni mwaka mmoja na miezi minane sasa. Mtoto haji nyumbani kwa sababu mtaa utamzomea. Mimi siendi kwake kwa sababu klabu itaniuliza. Majirani hunisalimia pale tu nikiwa nimeongozana na mtu. Napika kikombe kimoja cha mchele, na bado kinabaki.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Waya alipopangwa kuanza mechi ya watani, Korongo na Nyati, kwa mara ya kwanza. Mechi ni Jumamosi. Ugomvi huu ulikuwa Alhamisi mchana.

"Mimi siulizi goti," meneja aliendelea. "Goti ni goti, kila mchezaji hufungwa plasta. Nauliza mdomo. Ulipokuwa umekaa unamfunga, mlizungumza nini? Mfumo wa kocha? Nani atacheza, nani anaumwa?"

"Sijamwona mwanangu tangu mwezi wa tatu."

"Na plasta ilijifunga?"

Nikalichukua gazeti nilisogeze kwenye dirisha. Nilitaka kumwonyesha kwamba ule si mkono wangu. Kweli haukuwa. Mimi nikimfunga mtu nakaa mbele yake, kwa hiyo mkia wangu huelekea nje. Huu ulielekea ndani. Aliyefunga goti hili aliinama, akalifunga goti lake mwenyewe.

Nilimfundisha akiwa na miaka kumi na mmoja, pale sebuleni, akiufunga mto wa kochi.

Nilifungua mdomo niseme hivyo. Halafu nikazihesabu tabaka.

Zilikuwa tatu, na ya tatu ilikatiza kwa ndani, pembeni ya goti, mshazari. Tabaka ya kwanza ni ya tahadhari. Ya pili ni ya maumivu. Tabaka ya tatu siwafungi watu wanaocheza. Nawafunga watu ninaowarudisha nyumbani.

Nikaufunga mdomo.

Mchezaji mwenye daktari wa timu hajifungi mwenyewe, labda kama daktari hajui. Na nikisema kwa sauti kwamba kijana amejifunga mwenyewe kwa siri, meneja atamwambia kocha, na kocha wetu si mjinga. Winga wetu wa kulia atatumwa kwenye goti lile tangu dakika ya kwanza. Ni kazi yao. Ningekuwa kocha, hata mimi ningemtuma.

"Sema kitu," meneja alisema.

Nikalikunja gazeti. Na kwa wanaonijua, mimi kunyamaza ni sawa na kukiri.

Alitoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imeshachapwa na kugongwa muhuri, jina langu juu, mstari wa sahihi chini. *Nakiri kumtibu mchezaji wa timu pinzani, nyumbani kwangu, bila idhini ya klabu.*

"Tia sahihi, unasimamishwa mwezi mmoja, tunayamaliza kindugu. Usipotia, kamati inaandika kwa baraza la taaluma yenu kwamba umekaidi. Huko mimi sina mtu."

"Sijawahi kutia sahihi uongo."

"Basi nipe ukweli."

Ukweli ulikuwa mkononi mwangu, ukurasa wa kumi na tisa.

"Nipe mpaka kesho," nikasema, nikaitia ile karatasi kwenye mkoba.

Wachezaji walikuwa wamejipanga koridoni wakijifanya wanasubiri maji. Vijana niliowakanda misuli, niliowashika mikono wakichomwa sindano, mmoja nilimpeleka kutoa jino. Wote waliangalia viatu vyao. Kipa ndiye aliyesema, tena kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mama Bandeji. Kumbe na wewe."

Nikapita.

*

Korongo walikuwa wamepiga kambi kwenye hosteli ya chuo kilichofungwa kwa likizo. Simu za wachezaji hukusanywa wiki ya mechi, kwa hiyo kupiga kusingesaidia. Nilikwenda mwenyewe, kwa haraka, na kwa haraka hiyo nikafanya kosa la mtu asiyewahi kushabikia kitu maishani. Nilisahau kuvua koti la kazini.

Fikiria getini kuna watu kama mia mbili wamevaa rangi ya chungwa, wana ngoma, wana filimbi, na wewe unashuka na koti la zambarau lenye kichwa cha nyati mgongoni.

Ngoma zilikatika moja moja. Mtu mnene akatoka mbele. Nilimjua, kila mtu anamjua. Wanamwita Spika, kiongozi wa ushangiliaji wa Korongo, mtu ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Mpisheni mgeni," alisema. "Zambarau imepauka, imekuja kuomba rangi."

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Mwanao ni wetu mpaka Jumamosi jioni. Baada ya hapo utamchukua, kombe utuachie."

"Kombe gani? Hii ni mechi ya ligi."

Watu wakacheka, na Spika akacheka nao. Ni mtu anayekubali kufungwa kwa maneno. Asichokubali ni goli.

"Mkoba una nini, Mama Bandeji? Hirizi?"

"Mkasi, plasta na dawa ya kuchua. Ukipata mkazo wa kiuno kwa kurukaruka, niite."

Alinipisha. Lakini alipokuwa ananipisha aliinama kidogo, akasema maneno yaliyokuwa yangu peke yangu.

"Mwanao mchezaji mzuri. Ila unajua alikozaliwa. Watu wanamwangalia."

Nilijua. Mtaani kwetu yupo fundi wa matairi ambaye zamani alikuwa kipa wa Korongo. Kaka yake alikuwa kiongozi wa Nyati. Mwaka mmoja, Ijumaa ya kuamkia mechi ya watani, yule kipa alishikwa na homa, homa ya kweli, mimi mwenyewe niliona cheti. Hakucheza, Korongo wakafungwa bao moja. Wiki hiyo hiyo mlango wa mama yake ulimwagiwa uchafu wa choo. Hakudaka tena. Mpaka leo mtu akileta gurudumu kuzibwa pancha, humwuliza kwanza, "Vipi, homa imepona?"

Daktari wa Korongo alitoka kunipokea. Tulisoma chuo kimoja. Mtihani wa mifupa alikaa nyuma yangu, akafaulu.

"Dakika kumi," alisema. "Ukumbi wa chakula. Na usishtuke kwa utakachokikuta."

"Nitakuta nini?"

"Bomba linavuja," alisema, akiangalia pembeni.

*

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Mwanangu alikaa mwisho kabisa, karibu na masinki. Chini ya sinki mojawapo kulikuwa na fundi amelala chali, miguu nje, mkoba wa spana pembeni.

Soksi moja ya huyo fundi ilikuwa na kiraka cha bluu. Kiraka kile nilikishona mimi.

"Toka huko," nikasema.

Mume wangu alitoka polepole, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Amekonda. Kumbe hata yeye hajui kupika kikombe kimoja.

"Mama watoto," alisema.

"Tangu lini?"

Walitazamana. Ni mwanangu aliyejibu. "Tangu mwaka jana, msimu wa mvua. Anakuja Jumatano, popote timu inapokaa, na siku nyingine kama leo. Anaingia kama fundi."

"Na bomba kweli lilikuwa linavuja," mume wangu akaongeza, kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

"Mlikuwa mnaonana kila Jumatano, hakuna aliyeniambia."

"Baba aliomba nisiseme. Tawi lake wangemfukuza."

"Na mimi? Mimi ni tawi gani?"

Sinki ndilo lililojibu, tone moja. Hata bomba lenyewe hakulimaliza vizuri.

Ningeweza kulia pale. Lakini dakika zilikuwa zimebaki nane, nami si mtu wa kulia kwa saa ya mtu mwingine. Nilipiga magoti mbele ya mwanangu.

"Pandisha suruali."

"Mama, ni tahadhari tu."

"Tabaka tatu ni tahadhari? Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu, mwanangu. Pandisha."

Akapandisha. Niliweka kiganja kimoja nje ya goti, kingine kwenye kifundo, nikausukuma mguu taratibu. Goti lililofungwa plasta tabaka tatu halipaswi kwenda popote. Lile lilifunguka kwa ndani kama mlango usio na komeo. Aliuma kola ya fulana yake asitoe sauti.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja. Mazoezini. Niliteleza peke yangu, hakuna aliyeona. Najifunga chooni kabla ya kutoka."

"Daktari wenu hajui?"

"Hajui."

"Nilimshauri acheze kipindi cha kwanza," mume wangu alisema. "Aanguke mbele ya watu, waone kwa macho yao kwamba ameumia. Hapo hakuna wa kusema lolote."

"Akianguka kwenye goti hili, hatainuka mchezaji. Atainuka fundi wa matairi."

"Nisipocheza ndiyo nitakuwa fundi wa matairi," mwanangu alisema. "Unayajua, Mama. Mtoto wa Nyati kaumia Alhamisi, watani Jumamosi. Nani atanisikiliza? Watasema nimeuza mechi. Heri mguu uvunjike."

"Mguu ukivunjika hakuna heri."

Akaninyanyulia macho. Yalitua kwenye koti langu, kwenye kile kichwa kidogo cha nyati kifuani, yakabaki hapo.

"Nani amekutuma?"

Sikuelewa mara moja.

"Mama, nakuuliza. Tangu mwezi wa tatu hujaja. Leo, siku mbili kabla ya mechi, unakuja na koti lao kuniambia nisicheze. Nani amekutuma?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kuna uchungu mwingine ambao hata wakunga hawajaupa jina. Nilimtazama mume wangu aseme neno moja. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, neno moja tu: mama yako hatumwi. Aliangalia spana.

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia daktari, na nyuma yake Spika, ambaye hakuna geti linalomzuia. Mume wangu alirudi chini ya sinki haraka kuliko alivyotoka.

"Muda umekwisha, na nje wanauliza," Spika alisema. Kisha akaliona goti, na mikono yangu juu yake.

Daktari alikuwa ameshaliona. Alisogea, akainama, akaminya mara moja pale pale nilipominya. Mwanangu akaruka.

"Hili ni nini?" daktari aliuliza. "Tangu lini?"

Mwanangu aliangalia mlango.

"Kumbe," Spika alisema. Sauti yake, ambayo huijaza nusu ya uwanja, ilikuwa ndogo sana. "Mtoto wa Nyati mgonjwa siku ya Alhamisi. Homa imerudi."

"Si hivyo," mwanangu alisema.

"Ni vipi basi? Daktari wetu hajui, mama yako wa Nyati anajua. Nieleze mimi niwaeleze wale mia mbili. Nitawaambia nini?"

Niliangalia miguu miwili iliyotokeza chini ya sinki. Haikusogea. Kiraka cha bluu kilitulia kama kimepigwa misumari.

Mimi ni mtu wa vitendo. Palipo na jeraha huulizi nani kakosea, unauliza damu inazuiwaje. Waliokuwa wanahitaji mkosaji walikuwa pande mbili. Nyati walikuwa wameshapata wao, wamemchapa kwenye karatasi na kumgongea muhuri. Korongo walikuwa ndiyo wanamtafuta.

Nikafungua mkoba.

"Utawaambia hivi," nikamwambia Spika. "Jumapili nilimwita mwanangu nyumbani. Alikuwa anasikia mkazo kidogo, nikasema nitamnyoosha. Nikauvuta mguu kupita kiasi. Nilimharibia goti mimi. Hakumwambia daktari kwa sababu hakutaka kumshtaki mama yake."

"Mama," mwanangu alisema.

"Nyamaza."

"Maneno matupu," Spika alisema. "Mama yeyote angesema hivyo."

"Klabu yangu imenisimamisha kazi leo kwa sababu hiyo. Soma."

Aliipokea ile karatasi ya meneja, akaisoma, midomo ikicheza. Alirudia. Karatasi ilikuwa na jina langu, tarehe ya siku ile, muhuri wenye kichwa cha nyati. Adui mwenyewe ameandika. Niliona kitu kikilegea usoni mwake, na kitu kingine kikikaza.

"Haina sahihi," alisema.

"Daktari, nipe kalamu."

Daktari hakutoa. Yeye ndiye pekee chumbani aliyejua ninachokiomba. "Baraza likiona karatasi hii na mguu huu pamoja," alisema polepole, "hutamgusa mgonjwa tena. Unaelewa? Si mwezi mmoja. Basi tena."

"Kwenye mtihani wa mifupa ulinakili kwangu bila kuuliza swali. Nipe kalamu."

Akanipa.

Sahihi yangu ya kwanza kwa ajili ya mtoto huyu ilinigharimu mume. Ile niliitia kwenye meza ya jikoni, ikachukua dakika nzima, nikisubiri mtu anizuie. Hii niliitia juu ya goti langu mwenyewe na sikusubiri mtu. Nilimpa Spika karatasi.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. Halafu akamgeukia mwanangu, akamwekea mkono begani.

"Pole sana, mdogo wangu," alimwambia. "Umebeba peke yako."

Akatoka nayo, anakimbia, na unene wake wote.

Daktari alikwenda kutafuta barafu. Chini ya sinki hakukuwa na sauti ya spana, wala ya mtu. Nilitoa mkasi, nikaurudisha. Nje ngoma zilikuwa zinapigwa. Kisha ikapigwa moja. Kisha hazikupigwa kabisa, na ile sauti isiyohitaji kipaza ikaanza kusoma jina langu.

Mwanangu aliinama mpaka paji lake karibu liguse langu.

"Mama," alinong'ona, "Jumapili hukunigusa. Jumapili nilikuwa hapa."

"Najua. Na mimi nilikuwa nyumbani, peke yangu."

Nikaushika mkia wa plasta kwa vidole viwili, nikauvuta mpaka tabaka zote tatu zikabanduka.